Santuri iliyokula hela ya meno

“Hii ndiyo iliyokula hela ya meno ya binti yangu.”

Nilidhani ananitania. Mkononi alikuwa na santuri ndogo, ukubwa wake kama sahani ya keki, ndani ya jalada jekundu la karatasi lenye picha ya kijana mwenye kipara aliyeketi kwenye ngazi, kichwa amekiinamisha juu ya mikono. Nyuma yangu, kwenye ngazi za nyumba hiyo, binti mwenyewe mwenye miaka 15 alicheka, kisha akafumba mdomo haraka kuficha nyaya za meno.

Hakuwa anatania.

Tulikuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba moja huko Silver Spring, jimbo la Maryland, pembeni kabisa mwa jiji la Washington. Mwaka jana nilikwenda Marekani kwa mafunzo mafupi ya uandishi wa habari za afya, nikafikia kwa mama mdogo anayeishi huko kwa miaka mingi. Jumamosi moja akanivuta hadi kwa jirani yake. “Twende mwanangu ukamwone mtu,” aliniambia. “Hanywi, havuti, hata bia ya harusi hagusi. Lakini ana ulevi wa masahani.”

Mwenye nyumba ana miaka 53, ni fundi wa viyoyozi, baba wa watoto wawili. Aliniomba nisimtaje jina, na alisema ni kwa heshima ya mke wake zaidi kuliko yeye. Ukutani kuna rafu tatu alizozipigilia mwenyewe, na humo zimo santuri zipatazo 600. Karibu zote ni za bendi za vijana walioapa kutokunywa pombe.

Hapo ndipo masikio yangu yalipochangamka. Kazi yangu kila wiki ni kuandika habari za figo, ini na presha. Sijawahi kukutana na muziki wa kelele unaohubiri kile ambacho daktari wa zahanati anahubiri.

Alama ya X

Kwetu neno panki linatupeleka moja kwa moja kwa kinyozi. Panki yenyewe ni muziki: gitaa la kukwaruza, ngoma za mbio, na mtu anayepiga kelele mahali ambapo wewe ungetarajia aimbe. Tawi lake lenye kasi zaidi linaitwa hardcore. Nyimbo nyingi za tawi hilo zinaisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Mwaka 1980, bendi ya vijana wa Washington iliyoitwa Teen Idles ilisafiri hadi California. Katika klabu ya Mabuhay Gardens mjini San Francisco, wenye klabu waliwachora X kubwa nyeusi mikononi ili mhudumu wa baa ajue hawa bado ni watoto, wasiuziwe pombe. Vijana waliporudi nyumbani waliupeleka utaratibu huo kwenye klabu ya 9:30. Walichoomba ni kuruhusiwa kuingia kusikiliza muziki. Wao wachorwe X, na hawatakunywa.

Alama ya kumzuia mtoto asinywe ikageuka kuwa alama ya kujivunia. Baadaye hata waliofikisha umri wa kunywa walikuwa wakijichora wenyewe kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kutoka nyumbani.

Bendi hiyo ilivunjika mwaka huohuo. Kwenye kasha la sigara, kasha lile lile ambalo wavutaji huhifadhia sigara zao nene, walikuwa wameweka akiba ya dola zipatazo 600 kutokana na maonyesho yao yote. Wangeweza kugawana. Badala yake wakatengeneza santuri, nakala 1,000, na hapo ikazaliwa kampuni ndogo ya Dischord ambayo ipo hadi leo. Majalada waliyakata kwa mkasi, wakayakunja na kuyabandika kwa gundi wao wenyewe.

Mmoja wa vijana hao, Ian MacKaye, aliunda bendi nyingine iliyoitwa Minor Threat. Mwaka 1981, akiwa hajatimiza hata miaka 20, walirekodi wimbo wa chini ya dakika moja kuhusu kijana asiyehitaji kilevi wala dawa za kulevya. Jina la wimbo huo, Straight Edge, likawa jina la watu wote walioamua kuishi hivyo: hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna dawa za kulevya, na kwa wengi wao hakuna ngono za hovyo. MacKaye mwenyewe amekuwa akisema miaka yote kwamba hakukusudia kuanzisha kundi lolote. Alikuwa anasema habari zake tu.

Lakini lilianza. Likapita Boston, likafika New York, ambako miaka ya katikati ya 1980 bendi ya Youth of Today ililipa nguvu mpya. Mwaka 1987 mwimbaji wao, Ray Cappo, na mwenzake Jordan Cooper wakaanzisha kampuni ya Revelation. Humo ndimo zinamotoka santuri nyingi zinazowatoa jasho wanaume wenye mvi leo.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Miaka ya 1990 huko Salt Lake City, baadhi ya vijana wa straight edge walikuwa wakipiga watu kwa kosa la kuvuta sigara, hadi polisi wakawahesabu kama magenge. Na katika majalada mengi niliyoyashika siku ile, picha ni za wavulana, wavulana, wavulana. Nilimuuliza jirani wasichana walikuwa wapi. Akakuna kichwa, akasema walikuwepo, ila hakuna aliyewapiga picha.

Aliziuza akiwa na miaka 24

Yeye aliingia katikati ya miaka ya 1980, akiwa na miaka 15. Rafiki wa shuleni alimpa kanda, na wiki chache baadaye walikwenda 9:30 pamoja. Akanunua santuri ya kwanza kwa hela ya kufyeka nyasi za majirani. Kufikia miaka 20 alikuwa na santuri kama 200, zote kwenye makreti ya maziwa chini ya kitanda.

Kisha maisha yakaja. Akiwa na miaka 24, kodi ya nyumba ilimshinda, akayabeba makreti yote hadi duka la santuri za mitumba, akarudi na fedha za miezi miwili. Hakulia, anasema. Wakati ule CD ndiyo ilikuwa habari ya mjini na santuri zilionekana takataka.

Alichobaki nacho ni kutokunywa. Wenzake wa enzi zile, anaohesabu, wengi waliacha walipofika chuo au walipopata kazi, na baadhi yao walikunywa kama wanaofidia. Yeye hakuacha. Harusi yake mwenyewe alikunywa maji ya tangawizi.

Alipofika miaka 41, usiku mmoja mtoto mdogo amekataa kulala, alifungua Discogs, soko la mtandaoni ambalo lilianza mwaka 2000 kama orodha ya santuri na leo ndilo linalotazamwa na kila mkusanyaji. Akaandika jina la santuri yake ya kwanza, ile ya hela ya nyasi. Bei ikamtoa usingizi. Ile aliyoinunua kwa dola chache ilikuwa inauzwa kwa mamia.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani kila mzazi anayesoma hapa angeuliza: kwa nini asisikilize bure kwenye simu? Dischord bado inauza muziki wa Minor Threat, mpya kabisa, kwa bei ya kawaida. Sauti ni ile ile.

Akatoa santuri mbili za wimbo mmoja akaziweka mezani. Moja mpya, moja ya toleo la kwanza. Akanionyesha kwenye la kwanza mahali gundi ilipovuka ukingo wa karatasi. “Mtoto wa rika langu ndiye aliyeibandika hii,” alisema. Basi. Hakuongeza maelezo, na mimi nilimwelewa zaidi kuliko nilivyotaka. Nyumbani kwetu Morogoro, baba alikuwa na santuri tano za Mbaraka Mwinshehe juu ya kabati, zilizopindika kwa joto la bati kama chapati. Mashine ya kuzichezea iliharibika kabla sijazaliwa. Siku mama alipotaka kuzitupa, baba alimwambia bora atupe kabati.

Wakusanyaji wana wazimu wao, na jirani anaukubali. Wanahesabu rangi ya plastiki, kwa sababu kampuni zilikuwa zikitoa toleo moja kwa rangi tofauti. Wanasoma kwa tochi maandishi madogo yaliyochongwa karibu na katikati ya santuri. Kuna santuri ya bendi ya Judge ya mwaka 1989 ambayo jina lake ni tusi kwa studio waliyorekodia, na ukurasa huu wa familia hautalitafsiri. Bendi haikupenda sauti iliyotoka, ikatengeneza nakala zipatazo 110 tu kwa ajili ya waliokuwa wamelipia mapema, kisha ikarekodi upya. Kosa hilo sasa linauzwa kwa maelfu ya dola. Jirani hana, na mke wake, aliyekuwa anashuka na sinia la chai, alitamka kwa sauti ya juu kwamba hatakuwa nayo.

Ankara juu ya mashine

Turudi kwenye meno.

Binti alikuwa na miaka 13 daktari aliposema anahitaji nyaya. Bima ililipa sehemu, familia ikatakiwa kulipa awamu ya kwanza. Fedha ziliwekwa kwenye akaunti ya pamoja. Wiki ileile ikajitokeza sokoni ile santuri nyekundu ya Minor Threat, toleo la kwanza la 1981, kutoka kwa muuzaji aliyekuwa anafilisika. Dola 900. Ni zaidi ya shilingi milioni 2 za kwetu kwa karatasi na plastiki. Jirani akajiambia atairudisha fedha kabla ya mwisho wa mwezi.

Hakuirudisha. Mwezi ule kazi zilikuwa chache.

Mke wake hakupiga kelele. Aliichukua ankara ya daktari wa meno, akaiweka juu ya mashine ya santuri, pale pale sindano inapotua, akaenda kulala. Jirani aliikuta saa 5 usiku aliposhuka kusikiliza.

“Nilikuwa nimejivunia miaka 35 kwamba mimi si mlevi,” aliniambia. “Usiku ule nilijiuliza baba mlevi angefanya nini tofauti na hiki.”

Kama mwandishi wa afya niliruka kwenye neno ugonjwa, kwa hiyo niliangalia. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, limeutambua ulimbikizaji vitu kuwa tatizo la afya ya akili. Lakini tatizo hilo ni la mtu asiyeweza kuachana na kitu, hata kisicho na thamani, mpaka vyumba vinashindwa kutumika na maisha yanavurugika. Santuri zilizopangwa kwa alfabeti, wima, kila moja kwenye mfuko wake, hazifanani na hilo. Mkusanyaji anaweza kuuza. Kinachopaswa kumshtua mwenza ni pale mtu anapoficha risiti, anapodanganya bei, au anapogusa fedha iliyokuwa na kazi nyingine. Hilo la tatu lilikuwa limeshatokea.

Ndani ya wiki mbili jirani aliuza santuri 14. Meno yalichelewa miezi minne, kwa sababu nafasi ya daktari nayo ilikuwa imepita. Tangu hapo kuna sheria ndani ya nyumba: haingii santuri moja bila nyingine kuuzwa, na nywila ya akaunti yake ya Discogs anayo mke wake. Ile nyekundu haikuuzwa. Binti ndiye aliyekataa. Alisema kama amekaa miezi minne bila nyaya kwa ajili yake, basi ni yake.

Usiku wa kijana wa kiume

Nilitaka kuishia hapo, ilikuwa tayari hadithi nzuri. Ila mama mdogo akauliza, kwa ile sauti ya watu wazima wanaojua jibu, “Na kaka mtu hajambo?”

Jirani akakaa kimya kidogo, kisha akasema hajambo, yuko chuo, ana miaka 20.

Akiwa na miaka 17, kijana huyo aliletwa nyumbani na wenzake saa 8 usiku akiwa hajitambui, ametapika kwenye shati. Marekani umri wa kuuziwa pombe ni miaka 21, lakini vijana wanapata, kama wanavyopata kwetu. Jirani alikaa naye chooni mpaka alfajiri, akamlaza ubavu ili asipaliwe na matapishi, jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Asubuhi, badala ya kuuliza, akaanza kuhutubia. Akamshusha chini akamwonyesha rafu. Akamwambia: umekua ndani ya nyumba hii, umeona haya yote, halafu unanifanyia hivi.

Kijana alimjibu kwamba kuhusu bendi amemwambia kila kitu, jina la mpiga ngoma, mwaka, rangi ya plastiki. Lakini kuhusu kwa nini yeye hanywi, hajawahi kumwambia hata mara moja.

Ilikuwa kweli. Baba yake jirani, babu wa watoto hawa, alikuwa mlevi. Si mlevi wa kuchekesha. Alikuwa wa aina ile ambayo mtoto husikiliza gari linavyoegeshwa ili ajue kama leo alale au ajifiche. Alifariki jirani akiwa na miaka 30, na watoto waliambiwa ni ini, bila zaidi. Kijana wa miaka 15 alipochora X ya kwanza mkononi mwake hakuwa anafuata muziki kwanza. Alikuwa amepata watu wa rika lake waliofanya kutokunywa kuonekane ujasiri, wakati yeye alikuwa na sababu ambayo hakuweza kumwambia mtu.

Ndiyo santuri aliyokuwa anainunua tena akiwa na miaka 41, usiku wa manane, kwa dola mia na zaidi. Na sababu bado hakuwa amemwambia mtu.

Hapa naomba niseme la kwangu. Ripoti ninazosoma zinaeleweka vizuri: WHO ilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na pombe imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Nimeyaandika haya mara nyingi. Ila sijawahi kuandika makala yenye nguvu kama ile ambayo mzazi anaweza kuisema mezani kwa dakika kumi, kuhusu babu wa mtoto mwenyewe, kwa majina halisi. Wengi wetu tunaye babu huyo. Tunamzika kwa neno “aliugua”.

Jirani alimwambia mwanaye siku ileile, mchana, wakiwa wameketi sakafuni kwenye chumba kile cha santuri. Ilichukua muda kuliko santuri yoyote. Hakumtaka aahidi kitu. Alimweleza pia kwamba ulevi huweza kufuata damu, mtoto wa mlevi yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo ajichunge kuliko rafiki zake.

Kijana hakuwa straight edge. Hunywa bia moja moja na wenzake chuoni, na baba anajua kwa sababu kijana humwambia. Nilimuuliza jirani kama inamuuma. Alisema inamuuma kila mara, na bado afadhali ajue.

Filimbi masikioni

Kabla hatujaondoka alitaka tusikilize ile nyekundu. Aliitoa kwa kushika kingo tu, akaifuta vumbi kwa brashi laini, akashusha sindano. Sauti ikalipuka, mama mdogo akaziba masikio, na kabla sijashika mdundo upande mzima ulikuwa umekwisha.

Niligundua alikuwa amepunguza sauti kuliko nilivyotarajia. Akaniambia masikio yake yana mlio kama filimbi usiku na mchana, zawadi ya kusimama karibu na spika bila kinga tangu miaka 15. Mlio wa aina hiyo mara nyingi hauna tiba ya kuuondoa kabisa. WHO inashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapopanda muda huo unapungua kwa kasi. Kwenye desibeli 90 zimebaki saa 4 tu kwa wiki. Spika za klabu zinapita hapo, na simu ya mtoto wako yenye vidubwasha vya masikioni inaweza kupita pia. Jirani sasa haendi kwenye onyesho bila vizibo, na binti yake anavyo vyake kwenye mkoba wa shule.

Juu ya rafu niliona daftari la kaunta, kama yale tuliyotumia sekondari. Ndani ameorodhesha kila santuri na bei yake, mwaka hadi mwaka, ili siku akifa mke na watoto wasije kudanganywa na mtu wa duka akazibeba kwa bei ya makreti. Anasema wenzake wawili wameshafariki na mikusanyo yao iliuzwa hivyo.

Mbele ya ile nyekundu hakuna bei. Alikuwa ameandika “isiuzwe”. Neno hilo limekatwa kwa mstari, na chini yake, kwa mwandiko wa msichana, pameandikwa: “Nitaamua mwenyewe.”